Miezi kabla ya shahada ya uuguzi: kushika kitabu au kushika wagonjwa?

Barua ya kukubaliwa imeshafika, ada inatafutwa, na kati ya leo na siku ya kwanza darasani kuna miezi mitatu, minne, pengine sita. Ukiwauliza waliokutangulia utapewa ushauri wa aina mbili unaogombana. Mmoja atakwambia ujifungie na anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili, maana mwaka wa kwanza hauna huruma. Mwingine atakwambia achana na vitabu, utavisoma hadi uvichoke. Nenda kaoshe wazee, kageuze wagonjwa vitandani, ujue kama kazi yenyewe unaiweza. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia pale alipoumia yeye.

Mimi, kabla ya kumshauri mtu, humuuliza swali moja: ukishindwa kuimaliza kozi hii, unadhani utashindwa wapi? Wapo wanaoangushwa na sapu (mitihani ya marudio) za fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, na famakolojia, somo la dawa. Wapo pia wanaotoka wakiwa na alama safi kabisa, wiki ya kwanza wodini, baada ya kusimama mbele ya kidonda chenye harufu na kugundua kwamba miguu haitaki kusogea. Hofu hizi mbili hazitibiwi kwa dawa moja. Anayechagua maandalizi bila kujua hofu yake ni ipi mara nyingi huishia kufanya lile analolipenda tayari: mpenda vitabu anasoma, mwenye mikono miepesi anatafuta kazi, na udhaifu wa kila mmoja unabaki palepale.

Lisilo na mjadala

Kabla hatujazipima njia hizo mbili, kuna jambo lisilosubiri uamuzi wako. Chanjo ya homa ya ini aina B kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu hupimwa damu kuona kama kinga imejengeka. Piga hesabu mwenyewe. Anayesubiri chuo kifunguliwe ndipo aanze, atakamilisha mwaka ukiwa umeshakatika vipande, na kama chuo chake kinadai kadi ya chanjo kabla ya wodi, atawatazama wenzake wakivaa sare na kuondoka. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozini nacho husomwa baada ya saa 48 hadi 72, kwa hiyo usikifanye siku moja kabla ya safari. Kadi ya utotoni itafute sasa, uone kama surua, rubela na tetekuwanga zimeandikwa. Cheti cha polisi kama kinahitajika, kiombe mapema.

Haya hayashindanishwi na chochote. Yafanye wiki hii, kisha turudi kwenye mjadala.

Njia ya kitabu

Kosa la kwanza la wanaochagua kitabu ni kuanza na mifupa. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, kila mkono ukibeba 27 kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, na kuna jozi 12 za neva za ubongo ambazo kila mwanafunzi hujitungia wimbo wake wa kuzikariri. Ni orodha tamu kuimeza nyumbani kwa sababu unaona maendeleo: jana nilijua 40, leo najua 60. Shida ni kwamba orodha isiyotumika huyeyuka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hili kwa kujichunguza mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya kilichokaririwa bila maana hupotea ndani ya siku chache, tena kasi ya kupotea ni kubwa zaidi mwanzoni. Mifupa unayoimeza leo bila kuirudia utaikuta mipya darasani, na utakuwa umepoteza wiki sita.

Anatomia itakaa kichwani utakapokuwa na sababu ya kuijua. Siku utakayofundishwa kuchoma sindano ya msuli kwenye nyonga, utatafuta kwa vidole vyako ukingo wa mfupa wa nyonga ili ukae mbali na neva kubwa inayoshuka mguuni. Hapo jina la mfupa halisahauliki tena.

Fiziolojia ni habari nyingine. Hiyo ndiyo ningeisoma mapema, kwa sababu si orodha. Ni mnyororo, na ukiushika mwisho mmoja unavuta mambo mengi kwa pamoja. Chukua mgonjwa anayevuja damu kwa ndani. Damu ikipungua kwenye mishipa, mwili hautulii ukangoja presha ishuke. Moyo unaongeza kasi, mishipa ya ngozi inabana ili damu ibaki kwa ubongo na moyo, figo zinabana maji. Kwa hiyo muuguzi anaona mapigo yamefika 118, mikono imekuwa ya baridi, mkojo unaokusanywa kwenye mfuko ni kidogo, mgonjwa ana wasiwasi usioeleweka, na presha bado inasomeka vizuri tu. Anayejua mnyororo huu ataita msaada sasa. Aliyekariri kwamba presha ya kawaida ni chini ya 120/80 na mapigo ni 60 hadi 100 ataandika namba kwenye chati na kwenda kitanda kinachofuata. Ukitaka mada tatu za kuanzia, basi ni moyo na mzunguko wa damu (karibu lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia), mapafu na ubadilishanaji wa hewa, kisha figo, ambazo huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, zikitoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Ukimaliza figo, utaelewa kwa nini wodini watu wanahangaika na potasiamu ikitoka kidogo tu nje ya milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita ya damu, wakati sukari inaruhusiwa kucheza zaidi.

Jambo la pili lenye faida kubwa ni hesabu za dawa. Hapa sina utani. Watu wazima wenye akili timamu, waliofaulu hisabati, wanaganda mbele ya chupa ndogo na saa inayokimbia. Kanuni yenyewe ni ya shule ya msingi: dozi iliyoagizwa, gawanya kwa dozi iliyomo kwenye chupa, zidisha kwa ujazo wake. Umeagizwa miligramu 75, chupa ina miligramu 50 katika mililita 2: utavuta mililita 3. Mtoto wa kilo 12 anapewa miligramu 15 kwa kila kilo, hivyo ni miligramu 180; dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, utapima mililita 7.5. Dripu ya lita moja iishe kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita: mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000, gawanya kwa dakika 480, unapata karibu matone 42 kwa dakika.

Ukiyasoma hayo umekaa kitini ni mepesi. Kinachoua ni nukta. Miligramu 0.25 ni mikrogramu 250, na anayeziandika vibaya anakosea mara kumi au mara elfu. Ndiyo maana utafundishwa kuandika sifuri kabla ya nukta (0.5, kamwe si .5) na kutoandika sifuri baada ya namba kamili (5, kamwe si 5.0 inayoweza kusomwa 50). Maswali kumi kila jioni, bila kikokotoo, kwa miezi miwili, yatakufaa kuliko sura zote za mifupa. Na kila jibu liulize: hili linaingia akilini? Kama hesabu inakwambia umpe mtu vidonge 20 kwa mkupuo, tatizo halipo kwa mgonjwa.

La tatu ni lugha ya kazi. Maneno ya kitabibu yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande hivyo havizidi mia moja hivi kwa mwanafunzi anayeanza. Ukijua kwamba "nephro" ni figo, "hepato" ni ini, "itis" mwishoni ni mchomo (uvimbe wenye joto na maumivu) na "ectomy" ni kukata na kuondoa, utalisoma neno refu usilowahi kuliona na kulielewa. Tahadhari na "hyper" na "hypo": moja ni kuzidi, nyingine ni kupungua, zinafanana masikioni, na kuzichanganya kwa mgonjwa wa kisukari ni kumpa insulini anayehitaji sukari.

Upungufu wa njia hii unajulikana. Kitabu hakina harufu. Hakikuamshi saa kumi alfajiri, hakikutukani, hakilii.

Njia ya wodi

Kwa "wodi" namaanisha kazi yoyote ya kumhudumia mtu asiyejiweza: mhudumu msaidizi hospitalini, makao ya wazee, kumtunza mgonjwa nyumbani, kujitolea kwenye kituo cha watu wenye ulemavu. Cheo si muhimu. Muhimu ni kwamba mwili wa mtu mwingine, usio wa ndugu yako, uwe mikononi mwako.

Kinachofunzwa hapo ni vigumu kukiandika, na ndiyo maana vitabu hukipita haraka. Unajifunza kumvua mzee nguo bila kumvua heshima yake: unamfunika sehemu moja anapooshwa nyingine, unasema unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, unamwita kwa jina analotaka kuitwa. Unajifunza kukaa kimya. Unajifunza kwamba anayekataa kuoga pengine anaona baridi, au anaona haya, au hakumbuki wewe ni nani, na kila sababu ina njia yake. Unaiona ngozi inavyobadilika rangi kwenye kisigino na chini ya mgongo kabla kidonda cha kulalia hakijafunguka, na jicho hilo halikai kwa kutazama picha.

Mfano mdogo ninaoupenda ni kuhesabu pumzi. Kitabuni ni sentensi moja: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kitandani, ukimwambia mtu "nahesabu pumzi zako", anaanza kupumua kwa mpango na hesabu imeharibika. Kwa hiyo unashika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, macho yako yanahamia kifuani, unahesabu dakika nzima. Aliyefanya kazi miezi mitatu na watu makini analifanya hili bila kufikiri. Aliyefanya na watu wavivu amejifunza jambo jingine: kwamba kila mgonjwa anapumua mara 20. Utazikuta chati za namna hiyo, wodi nzima ikipumua kama kwaya.

Na hapo ndipo ilipo hatari ya njia hii, ambayo wapenzi wake hawapendi kuitaja. Wodi hufundisha tabia mbaya kwa urahisi uleule inavyofundisha nzuri. Kumnyanyua mgonjwa kwa kumshika makwapani, kwa mfano: ni haraka, kila mtu anafanya, na inaweza kumuumiza bega yeye na kukuumiza mgongo wewe. Kupita kitanda kimoja hadi kingine na glavu zilezile. Kuvaa glavu badala ya kunawa. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wanafunzi na madaktari waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuja kujifungua, na vifo vikapungua sana. Leo Shirika la Afya Duniani linataja sekunde 40 hadi 60 za kunawa kwa sabuni na maji. Jipime siku moja kwa saa. Wengi wetu tunaishia kwenye kumi na tano. Mwanafunzi aliyezoea vibaya ni mgumu kufundishwa kuliko asiyejua kitu, kwa sababu anaamini anajua.

Gharama nyingine ni uchovu. Zamu za usiku zikikupeleka hadi wiki ya kufungua chuo, utaingia darasani ukiwa umeishiwa, na mhadhara wa kwanza wa biokemia utausikia kwa mbali.

Ana kwa ana

Tuziweke zote mbili mezani.

Kwa kinachobaki baada ya miezi sita, wodi inashinda kwa mbali, isipokuwa kitabu kimesomwa kwa kujipima. Ukisoma sura ileile mara nne huku ukipaka rangi mistari, unajidanganya. Mambo yanaonekana ya kawaida kwa sababu umeyaona, si kwa sababu unayajua. Funga kitabu, chora figo kwenye karatasi tupu, eleza kwa sauti maji yanapita wapi. Watafiti wa saikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya kusoma waliorudia ndio waliokuwa mbele. Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa: njia mbaya hutoa raha ya haraka.

Kwa alama za muhula wa kwanza, kitabu kinashinda. Huwezi kumweleza mtahini kwamba unawajua wagonjwa wakati ameuliza kuhusu utando wa seli.

Kwa kujijua, kitabu hakina la kusema. Mtu anaweza kusoma kuhusu kifo miaka minne na asijue atafanya nini na mikono yake mgonjwa anapokata roho saa tisa usiku na ndugu wako njiani. Kama kuna jibu la "hapana, hii si yangu", ni afadhali ulipate kabla ya kulipa ada ya mwaka. Ila angalizo: kizunguzungu cha siku ya kwanza si jibu. Wauguzi wazuri wengi walishawahi kuanguka au kutoka nje kwenda kutapika. Jibu lipime kwa wiki ya tatu au ya nne, ukijiuliza kama bado unamchukia mgonjwa kwa sababu ya kinyesi chake, au sasa unakiona kinyesi tu.

Kwa pesa, kazi inalipa na kitabu hakilipi. Kujitolea hakulipi lakini kunakupa saa unazoweza kuzipanga. Kwa mwenye familia nyuma yake mjadala huwa unaishia hapa, na sioni aibu yoyote kwenye sababu hiyo.

Mjadala huu wenyewe si mgeni. Shule ya Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, ilipofunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' mjini London, wanafunzi waliishi na kufanya kazi wodini. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 1909, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kikaanzisha shule ya uuguzi ndani ya chuo kikuu, na tangu hapo mizani imekuwa ikivutana. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiweka kwa namba: mafunzo ya muuguzi wa jumla yawe angalau miaka mitatu na saa 4,600, na kati ya hizo angalau nusu ziwe za vitendo na angalau theluthi moja ziwe za nadharia. Soma namba hizo kama mwanafunzi mtarajiwa. Mtu anayejiandaa kwa vitabu peke yake amejiandaa kwa sehemu ndogo ya anachokwenda kukifanya.

Nani ashike nini

Aliyetoka shule ya sekondari juzi, sayansi bado iko moto kichwani, hajawahi kumhudumia mtu mgonjwa: wodi. Miezi miwili inatosha, mwezi wa mwisho aupeleke kwenye hesabu za dawa. Huyu akijifungia na vitabu anakiongeza kile alichonacho tayari.

Aliyekaa nje ya masomo miaka kumi, mwenye watoto au aliyeuguza mzazi hadi mwisho: kitabu, tena bila kujilaumu kwamba hakwenda wodini. Kuuguza alishauguza. Kinachomsubiri ni kemia ya asidi na besi, seli, na kukaa kitini saa mbili bila akili kutangatanga. Aanze na vitabu vya sekondari, si vya chuo. Aibu ya kushika kitabu cha kidato ni ndogo kuliko ya kurudia mwaka.

Muuguzi wa stashahada anayepanda kwenda shahada yuko peke yake katika mjadala huu, na ushauri mwingi unamkosa. Wodi anaijua kuliko baadhi ya wakufunzi wake. Fiziolojia ya kazi anayo, ingawa majina yamefifia. Kitakachomtoa jasho ni kuandika: kusoma makala ya utafiti na kusema kama mbinu yake inaaminika, kutofautisha wastani na namba ya katikati, kutaja chanzo kwa utaratibu, kutetea hoja kwa kurasa nane bila kuandika kama anaandika ripoti ya zamu. Miezi yake aitumie kusoma makala moja ya utafiti kila wiki na kuandika ukurasa mmoja wa kuikosoa. Ni kazi kavu. Hakuna atakayempigia makofi.

Na yupo anayeogopa vyote viwili, damu na hesabu. Kwake ningesema aanze na wodi kwa wiki tatu, kwa sababu hofu ya hesabu huondoka kwa mazoezi hata chuo kikiwa kimeshafunguliwa, lakini hofu ya mwili wa mtu ikikutwa mwaka wa pili inakuwa imeshagharimu.

Vipi kuhusu kupumzika? Ni njia halali kwa aliyetoka kufanya mitihani mikubwa au kuuguliwa, kwa sharti moja: usingizi urudishwe kwenye saa za kawaida angalau wiki mbili kabla.

Vitu vya kununua, navyo vina mashindano yao

Stethoskopu ya bei ya juu dhidi ya ya kawaida: nunua ya kawaida yenye pande mbili, ule mpana wa kusikia sauti za juu kama pumzi na ule wa kengele wa kusikia sauti za chini za moyo. Ile ya madaktari wa moyo haitakufanya usikie usichofundishwa kukisikia, na stethoskopu zina tabia ya kuondoka wodini na mtu mwingine. Andika jina lako kwenye mpira.

Kitabu kipya dhidi ya toleo lililopita: kwa fiziolojia, la zamani linatosha, moyo haujabadilika. Kwa dawa, usikubali la zamani, na subiri orodha ya chuo kabla ya kutoa pesa. Saa ya mkononi dhidi ya ya kubandika kifuani: uliza kwanza, maana sehemu nyingi hazitaki kitu chochote chini ya kiwiko. Yoyote utakayochagua iwe na mkono wa sekunde. Simu si saa; ukiitoa kitandani, mgonjwa anaamini unasoma ujumbe.

Mafunzo ya kufufua mtu aliyezimia moyo yakipatikana karibu nawe, yachukue hata kabla ya chuo. Kubonyeza kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kwa pumzi 2: ukiyasikia ni rahisi, ukiyafanya dakika mbili mfululizo kwenye mwanasesere utajua kwa nini watu hupokezana.

Kama kuna kitu kimoja cha kutobania pesa, ni viatu. Vilivyofungwa mbele, visivyoteleza, vinavyofutika kwa kitambaa. Vinunue majuma mawili kabla, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyokuwa saa ya tisa ya zamu, na uvivae nyumbani huku ukipiga hesabu zako za dripu. Mkobani weka soksi za ziada. Kuna kitu kitamwagika, na hakitakuwa maji.